Nafuga maji hapa Nyakato

Basi bwana, mtaani kwetu Nyakato nimeshapata jina. Naitwa "yule mwandishi anayefuga maji". Lilianza kwa watoto wa jirani, ambao kila jioni huchungulia dirishani kwangu na kuuliza: "Anko, samaki wako wamejificha wapi?" Nikawaambia hakuna samaki. Habari ikafika kwa mama mwenye nyumba, ikapita gengeni, sasa hata vijana wa bodaboda pale kijiweni wanaijua. Kijana ana digrii yake, ana kazi gazetini, halafu mezani kwake kuna tangi la kioo lenye taa na filta inayokula luku usiku na mchana, na ndani yake ni mchanga, mawe na maji matupu.

Leo ni siku ya 39. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana maelezo ya mlangoni hayatoshi. Na ninayo sababu nyingine, inayohusu Mto Mara. Nitaifikia, msiwe na haraka.

Kwanza tangi lenyewe. Lina urefu wa sentimita 80, upana wa 40, na maji yanafika kimo cha sentimita 35. Piga hesabu: lita 112, yaani kilo 112 za maji kabla hujahesabu kioo na mawe. Fundi vioo wa hapa mjini aliliunganisha kwa silikoni, na seremala akanipigia meza ambayo hata mimi naweza kulala juu yake. Maji ni ya bomba. Niliyaacha siku mbili kwenye ndoo zilizo wazi ili klorini iondoke. Klorini inawekwa iue vijidudu vya magonjwa, na haichagui. Ingeua na vya kwangu.

Maana hicho ndicho ninachofuga kwa sasa: vijidudu.

Hebu fikiria hivi. Sisi tukimaliza haja tunatoka chooni na kufunga mlango. Samaki hana mlango. Anapokula, anapopumua na anapojisaidia ni pale pale. Sehemu kubwa ya taka zake hutoka kupitia matamvua ikiwa ni amonia, ile ile inayokuchoma pua ukiingia choo cha stendi kisichomwagiwa maji. Ziwani amonia hiyo inapotelea kwenye maji mengi mno. Kwenye lita 112 inabaki na mwenyewe. Maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kusoma gazeti lililowekwa upande wa pili wa kioo, na samaki akafia humo humo.

Kinachomwokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka kahawia, samaki akawa anahema juu juu wakati oksijeni imo majini. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, na ambayo mimi naweza kuipunguza kwa kubadilisha maji au kuiachia mimea iile. Amonia, nitriti, nitrati. Makundi hayo mawili yakikamilika, tangi limekomaa. Kabla ya hapo, ukitia samaki unamtia kwenye choo kisicho na shimo.

Haya si mambo mapya. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, aliwatenga bakteria wa aina hii akiwa Zurich, Uswisi, karibu na mwaka 1890, akaonyesha kwamba wanaishi kwa kuunguza amonia, bila kuhitaji jua. Kilichonifurahisha zaidi nilipokuwa nasoma ni kwamba matangi ya samaki yameendelea kuwafundisha wanasayansi. Kwa miaka mingi wafugaji waliamini kwamba anayekula nitriti kwenye matangi yao ni Nitrobacter, kama vitabu vilivyosema. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipochunguza matangi ya maji baridi walimkuta mwingine kabisa, Nitrospira. Mwaka 2005 kiumbe kipya kinachokula amonia, ambacho hata bakteria si bakteria, kilitangazwa baada ya kupatikana kwenye tangi la hifadhi ya samaki ya Seattle, Marekani. Na mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kuna Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, kutoka amonia moja kwa moja hadi nitrati. Kundi mojawapo lilimpata kwenye filta ya mabwawa ya kufugia samaki.

Tatizo ni kwamba viumbe hawa ni wazito. Bakteria wa tumboni, akipata mazingira mazuri, anaweza kuzaa kila baada ya dakika 20. Hawa wetu huchukua saa nyingi, hata siku nzima, kuwa wawili. Ndiyo maana kazi inachukua wiki 4, wiki 6, wakati mwingine zaidi. Na ndiyo maana watu wengi hununua tangi na samaki siku moja, kisha wiki ya pili wanasema samaki "wamekataa".

Sasa niwape shajara yangu kwa kifupi.

Siku ya kwanza nilitia dagaa waliosagwa, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, nikawa narudia kila baada ya siku mbili. Bakteria lazima wale, na chakula chao kinatokana na kitu kuoza. Chumba kilinuka kidogo. Shemeji yenu alikuja Jumapili, akanusa, akaomba tukakae nje. Vipimo vya matone niliagiza Dar vikaja kwa basi: unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unasubiri dakika kadhaa, unalinganisha rangi na kadi. Amonia ikiwa haipo maji yanakuwa ya njano. Ikiwepo yanaelekea kijani. Siku ya 6 nilisoma miligramu 1 kwa lita. Siku ya 10, miligramu 2. Nitriti hakuna. Maana yake sumu ilikuwa inaongezeka na mlaji bado hajafika.

Siku ya 11 nilikuwa Mwanza kikazi. Kuna mshikaji wangu kule ana tangi la miaka mingi. Nikamwomba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yake. Nikakibeba kwenye kopo la maji, nikalipakata kupitia Magu, Lamadi na Bunda mpaka stendi ya Bweri, abiria wa pembeni akinitazama kama nimebeba dawa ya mganga.

Nilipokuwa nakipachika kwenye filta yangu, mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Mwandishi, na hilo dude chafu la nini tena?" Nikaanza kueleza habari za bakteria. Hakuniacha nimalize. "Si useme ni kama kibuyu cha maziwa," akasema. Kwao, kibuyu kipya hakigandishi maziwa vizuri. Unaomba maziwa ya jana kwa jirani, unatia kidogo, na baada ya muda kibuyu chenyewe kinakuwa kimezoea. Na hukisugui kwa sabuni, maana utafukuza utamu. Jamani, mimi nilitumia wiki nzima kusoma jambo ambalo mama huyu alikuwa nalo jikoni tangu utotoni. Hata hilo la sabuni ni sahihi kwa tangi: bakteria hawaelei majini, wamejishika kwenye sponji, mchanga na mawe. Unaweza kumwaga nusu ya maji na usiwapoteze. Lakini osha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, na umerudi siku ya kwanza.

Siku ya 16 nitriti ikaonekana. Siku ya 20 umeme ulikatika saa 6 mfululizo, na hapo nilikuwa nimeshanunua pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki. Filta ikisimama muda mrefu, wanakosa hewa humo ndani na wao wenyewe wanaanza kuwa uozo. Siku ya 22 amonia ikasoma sifuri. Nitriti ikawa zambarau iliyokolea, mwisho wa kadi.

Ikabaki hivyo siku 12.

Hizo ndizo siku ngumu. Maji yalikuwa maangavu, mchanga umetulia, taa inapendeza. Kila mgeni alisema weka hata sato mmoja mdogo, atazoea. Ukitazama kwa macho hakuna sababu yoyote ya kusubiri. Sababu iko kwenye kichupa peke yake. Siku ya 28 nilibadilisha nusu ya maji. Siku ya 34 rangi ya zambarau ilipauka, na siku ya 35 ikawa buluu ya mbingu: sifuri. Siku ya 36, 37 na 38 nilitia dagaa kiasi cha chakula cha samaki wachache, na kila mara baada ya saa 24 amonia ilikuwa sifuri, nitriti sifuri, nitrati inapanda. Kazi inafanyika.

Sasa nifike Mto Mara.

Mnakumbuka Machi 2022. Maji ya mto huo, huku chini kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Wananchi wakakatazwa kuvua na kutumia maji yale. Ikaundwa kamati, ikaongozwa na Profesa Samwel Manyele, na majibu yake yalikuwa kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vikamaliza oksijeni majini. Nchi nzima ikacheka. Wakati huo mimi ndiyo kwanza naanza kazi, na popote nilipokaa, awe mvuvi, mwalimu au muuza kahawa, swali lilikuwa moja: tangu lini mkojo wa ng'ombe ukaua samaki? Si ng'ombe walikuwepo siku zote? Wengine wakanyoosha kidole kwenye shughuli za migodi. Wengine wakasema tu wanafichwa kitu.

Kwa mtu wa mjini yale yalikuwa vichekesho vya simu. Kwa familia inayokunywa, kupikia na kula kutoka mto huo halikuwa jambo la kuchekesha. Mtu aliambiwa asile samaki, kisha akapewa maelezo ambayo hana namna ya kuyapima. Hapo ndipo nilipotamani kuelewa maji.

Je, taka za mifugo zinaweza kuua samaki? Zinaweza, na tangi langu linaonyesha njia mbili. Ya kwanza ni amonia, kwa kuwa mkojo una urea, na urea ikivunjwa inazaa amonia. Ya pili ni oksijeni: kila kinachooza kinavuta hewa kutoka majini, na wanaokula uozo wanakuwa wengi haraka kuliko maji yanavyoweza kujaza hewa upya.

Lakini "zinaweza" si sawa na "ndizo zilizoua". Chukua amonia peke yake. Kipimo kinasoma jumla, ila sehemu yenye sumu kali inategemea pH na joto. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1 ya jumla. pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 5. Ikiwa 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo miligramu 2 zile zile mahali pamoja ni usumbufu, mahali pengine ni kifo. Na maji ya mto hayakai. Ukichota leo, maji yaliyoua samaki wiki iliyopita yamekwenda zake. Kwa hiyo mwandishi anapopewa namba, ana haki ya kuuliza: ilipimwa siku gani, saa ngapi, wapi, na pH ilikuwa ngapi? Na oksijeni ya alfajiri, wakati huwa chini zaidi, ilikuwa kiasi gani? Maswali haya hayahitaji digrii ya kemia. Yanahitaji mtu aliyewahi kukaa na kichupa mkononi.

Kuna utafiti ambao ningependa kila aliyecheka mwaka ule ausome. Ulitoka mwaka 2018 kwenye jarida la Nature Communications, ukiwa wa Christopher Dutton na wenzake, na unahusu Mto Mara huu huu, upande wa Kenya. Kule kuna viboko zaidi ya 4,000. Wanakula nyasi usiku nchi kavu, mchana wanarudi kujisaidia mtoni. Maji yakiwa kidogo, kinyesi kinajaa chini ya mabwawa wanamolala na oksijeni inaisha humo. Mvua ikinyesha juu, mto unajaa ghafla, unakokota uchafu wote ule kwenda chini. Katika miaka 3 watafiti walihesabu matukio 49 ya namna hiyo yaliyoshusha oksijeni, na 13 kati yake yaliishusha hadi kiwango cha hatari kwa viumbe. Samaki walikufa.

Kwa hiyo kinyesi kuua samaki ndani ya Mto Mara ni jambo ambalo limepimwa. Lakini viboko si ng'ombe, na mabwawa ya kule juu si Kirumi. Utafiti ule haumalizi ubishi wa 2022, na tangi langu ndiyo kabisa. Nilichopata ni kwamba sitaki tena kucheka kabla ya kuuliza, wala kukubali kabla ya kuuliza.

Na ziwa letu? Lenyewe ni tangi kubwa linalopokea mbolea za mashamba, maji taka ya miji na udongo wa mito. Naitrojeni na fosforasi zikizidi, mwani unastawi na maji yanafifia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba ukungu huo unaua aina za furu bila kumuua furu yeyote. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakififia haoni vizuri, nyekundu na buluu zinafanana, aina mbili zinachanganyika mpaka inabaki moja. Hii ni mbali na sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kulipuka kwa wingi miaka ya 1980, akawamaliza furu wengi.

Mmoja wa furu wanaotambulika kwa rangi hizo anaitwa Pundamilia nyererei. Mnasoma sawasawa. Ukoo umeitwa kwa jina letu la punda milia, na jina la pili alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Dume ana mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtunza sebuleni. Huku kwetu, si mbali na Butiama, furu ni chambo cha ndoano za sangara, na watu wengi hawajawahi kumtazama akiwa hai.

Mimi nitamtazama. Sitafuti nyererei, nataka furu wa kawaida wa mawe ya Musoma. Afisa uvuvi ameniambia nipite ofisini kwake kwanza, nami nitapita. Leo jioni natoa theluthi mbili ya maji ili kushusha nitrati, narudisha mengine yaliyokaa siku mbili. Jumamosi alfajiri nakwenda mwaloni na ndoo yenye mfuniko na ile pampu ya betri. Nitachukua wadogo 4, basi. Bakteria waliopo wanalingana na chakula nilichokuwa natia. Nikileta samaki 12 kwa mkupuo amonia itapanda tena na hesabu itaanza upya. Nitawalisha kidogo kidogo, nitapima kila siku kwa wiki mbili, kisha tutaona kama kuna nafasi ya wengine.

Watoto wa jirani nimewaahidi kwamba wao ndio watakaosoma rangi za kichupa. Mkubwa wao yuko darasa la sita na ameshajua tofauti ya amonia na nitriti. Jana alimweleza dereva wa bodaboda, akamchanganya kabisa.

Wikiendi njema.